Habari za Buleusa hutoka ng'ambo

Jumamosi ya tarehe 15 Machi 2025, Sauti ya Amerika ilinyamaza. Jana yake Rais Donald Trump alikuwa ametia saini amri ya kulipunguza shirika linalosimamia redio za serikali ya Marekani, libakie na yale tu yanayolazimishwa na sheria. Kulipokucha, watangazaji na mafundi waliambiwa wakae nyumbani, na idhaa zikakatika moja baada ya nyingine, ya Kiswahili ikiwemo. Jumanne iliyofuata, tarehe 18, Rais Félix Tshisekedi wa Kongo na Rais Paul Kagame wa Rwanda walikutana Doha mbele ya Amiri wa Qatar. Jumatano, tarehe 19, waasi wa M23 wakaingia Walikale mjini, mashariki mwa Kongo.

Zisome tena tarehe hizo ukiwa umeketi Buleusa. Kijiji hicho kiko Ikobo, wilayani Walikale, Kivu Kaskazini, katika milima inayoelekea Lubero. Mtu hufika huko kwa miguu au kwa pikipiki, tena mvua ikikubali. Aliyesikia kwamba Walikale imeanguka alikuwa na maswali ya kufa na kupona: wanaelekea wapi sasa? Njia ya Pinga ingali wazi? Huko Doha wamekubaliana nini? Nifunge mzigo usiku huu au ningoje mihogo nivune kwanza? Na katika juma hilohilo, sauti iliyokuwa ikimsemesha kwa Kiswahili tangu mwaka 1962 ilikuwa imezimwa kwa kalamu, ng'ambo ya bahari.

Nimeandika makala haya kwa sababu jambo hilo halijanitoka moyoni. Sitaki tu kulalamika kwamba Washington ilizima redio. Redio ni yake. Aliyeiwasha ana uwezo wa kuizima. Linaloniuma ni kwamba Kongo, nchi yenye mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili, nchi kubwa kuliko zote kusini mwa Sahara, mpaka leo haina idhaa yake ya nje inayozungumza na watu wa Kivu, na jirani wa Kivu, kwa lugha wanayoielewa wote. Habari za Buleusa hutoka ng'ambo zikarudi Buleusa.

Yeyote aliyekulia vijijini Kivu anaijua redio ninayoisema. Ni ndogo, ya plastiki, imetoka China, kioo cha mbele kimekwaruzika hata tarakimu hazisomeki vizuri. Mwenyewe hazihitaji tarakimu. Alitia alama kwa rangi ya kucha pale BBC ilipokuwa ikikaa alfajiri, na alama nyingine pale ilipokuwa ikihamia jioni, kwa kuwa masafa ya mchana si ya usiku. Kwenye erio amefunga waya wa shaba unaopanda hadi kwenye mabati au kwenye mgomba. Mapile, yaani betri, yakichoka, huyatoa akayaanika juani juu ya jiwe, yakapata uhai wa taarifa moja zaidi. Saa ya habari ikifika, majirani husogea. Hakuna anayezungumza. Sauti huja ikienda, mara iko karibu kama iliyo nyuma ya ukuta, mara imemezwa na mvumo, na kila mmoja huinamisha kichwa upande uleule, kama vile shingo zao nazo ni erio.

Ndani ya redio hiyo, vipande vyake vimeunganishwa kwa risasi ya kuchomelea ambayo sehemu yake kubwa ni bati. Walikale ina mgodi wa Bisie, na kampuni ya Alphamin inayoumiliki hutoa karibu asilimia 6 ya bati yote ya dunia. Tarehe 13 Machi 2025, M23 walipokuwa wakisogea, kampuni hiyo ilisimamisha kazi na kuwaondoa wafanyakazi, ikarejea Aprili baada ya wapiganaji kutoka mjini. Kwa hiyo Walikale imo ndani ya redio za watu wengi duniani. Imo kama bati. Kama sauti, haimo.

Lakini Kongo haikuwa hivyo sikuzote, na hapa ndipo historia inapouma zaidi. Mei 1940 Ujerumani iliivamia Ubelgiji, ikaishinda kwa siku 18. Serikali yake ikakimbilia London, na ardhi pekee kubwa iliyobaki chini ya bendera yake ikawa Kongo. Wabelgiji walihitaji sauti ambayo vifaru vya Hitler visingeweza kuifikia. Oktoba mwaka huohuo Radio Congo Belge ilianza kutangaza Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Mwaka 1943 ukasimamishwa hapo mtambo wa masafa mafupi wa kilowati 50, ukiwa chini ya redio ya taifa la Ubelgiji iliyoundwa uhamishoni, na mkuu wake akiwa Théo Fleischman, mtangazaji mashuhuri wa Brussels. Ng'ambo ya mto, Brazzaville, wafuasi wa Jenerali de Gaulle nao walikuwa na mtambo wao, wakiisemea Ufaransa iliyo huru. Kwa hiyo kingo mbili za mto Kongo ziliwahi kubeba sauti za mataifa mawili ya Ulaya yaliyopoteza nyumba. Mtu aliyejifungia chumbani Liège au Antwerpen, redio imefunikwa blanketi ili askari wa Kijerumani asisikie, alikuwa akiipata nchi yake kupitia Léopoldville.

Hata vita vilipokwisha, Ubelgiji iliendelea kuzungumza na dunia kutoka hapo kwa miaka kadhaa. Vipindi maalumu kwa Waafrika wenyewe vikaja mwaka 1949. Nguzo zilichimbiwa katika ardhi ya Kongo, na mafuta na vyakula vya Kongo vilizihudumia, lakini aliyekuwa akizungumza alikuwa mwingine. Mtu wa Walikale aliyekuwa akichimba bati na dhahabu kwa ajili ya vita hivyo hakuulizwa kama naye ana neno la kusema hewani.

Kiswahili kilipoanza kusafiri kwa masafa mafupi kilitoka kwingine kabisa. Cairo ilianza mwaka 1954, Nasser akiwa amegundua kwamba mkoloni anaweza kupigwa vita kwa maneno. Baadhi ya sauti zake zilikuwa za vijana wa Unguja waliokwenda Misri kusoma. Waingereza walikosa usingizi kwa matangazo hayo. Tarehe 27 Juni 1957, miezi kadhaa baada ya kasheshe ya Suez, BBC nayo ikaanza Kiswahili London, na aliyesikika siku hiyo ya kwanza alikuwa Oscar Kambona, mwanafunzi wa sheria wakati huo, waziri baadaye. Halafu milango ikafunguka: Moscow, Peking mwaka 1961, Washington mwaka 1962, Deutsche Welle ya Köln tarehe 1 Februari 1963. Vita Baridi vilitaka masikio ya Waafrika, na masikio mengi ya Afrika Mashariki na Kongo ya Mashariki yalikuwa ya Kiswahili. Ufaransa ilichelewa sana. RFI Kiswahili ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 2010.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuja kwa ajili yetu. Kila mmoja alikuja na shauri lake. Hata hivyo, tuwe waungwana. Walitupa habari ambazo serikali zetu zilizificha. Waliwafanya watoto wa Masisi waliokuwa wakisema "fasi" na "iko naenda" wakijue pia kile ambacho Kivu huita Kiswahili bora, wakaweza kukaa na mtu wa Tanga wakaelewana. Mtangazaji wa Köln alipotaja Walikale kwa matamshi sahihi, mtu wa Walikale alijisikia yumo duniani. Jambo hilo haliwezi kupimwa kwa kilowati.

Wajerumani walifika karibu kuliko wote. Mwaka 1965 Deutsche Welle ilifungua kituo cha kurushia matangazo juu ya kilima cha Kinyinya, Kigali, ambacho mwishowe kilikuwa na mitambo minne ya kilowati 250 kila mmoja. Kigali hadi Ikobo si mbali kwa mruko wa ndege. Ila masafa mafupi yana tabia yake, na wasikilizaji wa zamani wanaielewa hata kama hawakuisomea: wimbi hupaa, hugonga tabaka la juu la anga, kisha hushuka mbali sana na lilikotoka. Kati ya mlingoti na pale linaposhuka hubaki ukanda wa kimya. Unaweza kukaa chini ya mlingoti ukaambulia mvumo tu, na mtu aliye nchi ya nne akasikia kila neno. Machi 2015 kituo hicho kilifungwa, baada ya miaka 50, kwa kuwa Wajerumani walikuwa wakihamia FM za washirika na intaneti.

FM na intaneti. Mjini Goma hilo ni jambo la maana. Lakini FM husafiri kwa mstari ulionyooka, na mlima mmoja wa Masisi unatosha kuikata. Intaneti inataka mnara, na mnara unataka mafuta na ulinzi. Kila mara shirika kubwa linapotangaza kwamba wasikilizaji wamehamia kwenye simu, mimi huwaza watu ambao hawajahamia popote ila kutoka kijiji kimoja kwenda kingine wakikimbia risasi.

Kimya kina gharama yake, na Walikale imeilipa. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, makundi ya wenye silaha yaliingia Luvungi na vijiji vingine 12 kwenye barabara ya Kibua hadi Mpofi. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa: wanawake, wasichana, wanaume, hata wavulana. Askari wa kulinda amani walikuwa na kambi Kibua, mwendo wa kilomita 30 hivi. Luvungi hapakuwa na mtandao wa simu. Dunia ilisikia habari hiyo kwa mapana baada ya wiki tatu, kisha redio zote kubwa zikaitangaza kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Miaka kumi baadaye, Novemba 2020, mahakama ya kijeshi mjini Goma ilimhukumu Ntabo Ntaberi Sheka, kiongozi wa mojawapo ya makundi hayo, kifungo cha maisha.

Baada ya Luvungi, Umoja wa Mataifa ulisambaza simu na foni vijijini ili watu wapate kupiga yowe mapema. Msomaji wa Dar es Salaam huenda haijui foni. Ni ile redio ya kuzungumza pande mbili unayoikuta kwenye kituo cha afya au parokia, betri ya gari chini ya meza, bamba la jua kwenye paa, na mtu wa zamu anayeita majina ya vituo asubuhi na jioni. Huko ndani ya Walikale, ni hiyo iliyobeba taarifa za wagonjwa, za vifo, za mashambulizi. Naiona kama ushahidi kwamba watu wa maeneo haya hawakuwahi kungoja tu kusikilizishwa. Wakipewa chombo wanasema, na wanasema mambo yenye maana.

Redio iliyowahi kukaribia kuwa sauti ya Kivu yenyewe ilizaliwa katika msiba. Agosti 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika Kivu, na chuki ya Radio Mille Collines ikiwa bado inavuma masikioni mwao, waandishi wa Uswisi walianzisha Radio Agatashya mjini Bukavu. Agatashya ni mbayuwayu kwa Kinyarwanda. Ilitangaza pia kwa Kiswahili: nani yuko wapi, maji yako wapi, mtoto gani anatafuta mama yake. Vita vya Oktoba 1996 viliizima. Waanzilishi wake walikuwa wameshaunda shirika la Hirondelle, ambalo ni mbayuwayu yuleyule kwa Kifaransa, na tarehe 25 Februari 2002, siku mazungumzo ya Wakongo yalipofunguliwa Sun City, shirika hilo na Umoja wa Mataifa wakawasha Radio Okapi.

Okapi ilikuwa kitu kipya kabisa. Nchi ilikuwa imekatwa vipande na majeshi, na kwa mara ya kwanza mtu wa Goma alisikia taarifa ileile na mtu wa Kinshasa, kwa Kifaransa, Lingala, Kiswahili, Tshiluba na Kikongo. Mwanzoni ilitumia FM pamoja na masafa mafupi, kwa hiyo hata vijiji vya ndani viliipata. Kazi hiyo iligharimu damu. Serge Maheshe aliuawa kwa risasi Bukavu tarehe 13 Juni 2007. Didace Namujimbo, katika mji huohuo, tarehe 21 Novemba 2008. Wote walikuwa waandishi wa Okapi. Nataka majina hayo mawili yasomwe polepole.

Hata Okapi si ya Kongo kwa maana ya umiliki. Bajeti yake imefungamana na askari wa kulinda amani, na askari hao wameshaanza kuondoka. Kivu Kusini waliondoka mwaka 2024. Sauti inayoishi kwa bajeti ya mgeni huishi kwa kadiri ya ukaaji wa mgeni.

Je, redio ya taifa? Mobutu hakuwa na upungufu wa tamaa. Katika miaka ya 1970 alisimamisha Kinshasa jengo refu la Sauti ya Zaire, mnara unaoonekana mbali. Lakini mnara huo ulijengwa ili kiongozi asikike, na redio iliyojengwa kwa ajili ya mtu mmoja huchakaa pamoja naye. Tangu mwaka 1997 inaitwa RTNC. Ina taarifa kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, na nawaheshimu wanaozisoma, kwa kuwa wengi hufanya kazi hiyo kwa vifaa vilivyochoka. Serikali zilizofuata zilionyesha ari kubwa zaidi katika kuzima sauti za wengine. Matangazo ya RFI yalikatwa nchini mwaka 2009 hadi 2010, yakakatwa tena tarehe 31 Desemba 2018, kura zikiwa zinahesabiwa. Ukikata ya mgeni bila kuwa na ya kwako inayofika, unaiachia nafasi ile redio isiyo na mtambo ambayo Kinshasa huiita radio trottoir na pwani huita redio mbao. Na katika maeneo ya vita, uvumi hutembea na panga mkononi. Mwaka 2016, pale Buleusa penyewe, waliokuwa wamekimbia kijiji walitaka kurudi, na waliohamia humo walihofia kufukuzwa. Wakobo na Wahutu walitazamana kwa wasiwasi mkubwa, na katika hali kama hiyo neno moja lililopotoshwa njiani linaweza kuchoma nyumba kumi.

Najua jibu litakalokuja: pesa hazipo. Naomba tuitazame Tanzania ya miaka ya 1960, nchi maskini iliyokuwa ndiyo kwanza inapata uhuru. Idhaa ya nje ya Radio Tanzania Dar es Salaam iliwapa vipaza sauti FRELIMO, ANC, SWAPO na wapigania uhuru wengine, wakazungumza na watu wao usiku kwa usiku kwa lugha za nyumbani. Nchi hiyo haikungoja kutajirika ndipo iwe na neno la kuwaambia majirani. Na Kongo, tangu mwaka 2022, ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bujumbura, Kampala, Kigoma, Nairobi, kote huko Kiswahili kinafika. Mambo ya Kongo yanajadiliwa humo kila siku, na Kongo yenyewe haipo mezani kwa sauti.

Ninachokitamani si mnara mwingine wa Kinshasa. Ni idhaa iliyokaa Mashariki, yenye waandishi wanaojua Ikobo iko upande gani wa Pinga, wanaoweza kumhoji Mnyanga, Mhunde, Mnande, Mkobo na Mhutu katika kipindi kimoja bila yeyote kuhisi ametukanwa. Irushe kwa masafa mafupi alfajiri na jioni, kwa kuwa mlima hauyazuii. Iwekewe sheria ya kuilinda na waziri atakayeamka vibaya, kwa sababu hilo ndilo lililoifanya BBC iaminike Kivu: msikilizaji aliisikia ikitangaza habari mbaya za Uingereza. Leo Goma iko mikononi mwa M23 na jambo hili laonekana kama ndoto. Wabelgiji nao walijenga yao wakati nchi yao yote ilikuwa mikononi mwa adui.

Tarehe 27 Juni 2025, siku BBC Kiswahili ilipotimiza miaka 68, mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia saini mkataba wa amani. Waliutia saini Washington. Yaliyomo yaligusa moja kwa moja maisha ya mtu wa Buleusa: majeshi ya nani yataondoka, makundi gani yatavunjwa, wakimbizi watarudi lini. Kwa zaidi ya miaka 60, mji huo ulikuwa na watu waliolipwa kumweleza mambo kama hayo kwa Kiswahili, kila siku, alfajiri na jioni. Siku hiyo studio yao ilikuwa kimya, na aliyetaka kujua nini kimeandikwa juu yake ilimbidi aanike mapile, akae, angoje saa ya BBC au ya Deutsche Welle.